Jicho Langu la Kushoto na Meza ya Njeru

Kila siku ya soko pale Laare mimi huketi kwenye kigoda, karibu na meza ya mtu anayeitwa Njeru, na kazi yangu ni kumharibia biashara. Sifichi jambo hilo. Mke wangu hunijazia chai kwenye chupa na kuniambia, "Nenda kwa vita vyako, lakini urudi kabla mvua haijanyesha." Jicho langu la kushoto limekufa. La kulia linaona kwa sababu ya upasuaji, na kwa sababu ya matone ninayotia asubuhi na jioni bila kukosa. Ninaandika kwa ajili ya mtu wa umri wangu, au anayeukaribia, ambaye ameanza kujikwaa mahali alipopita maisha yake yote na anasema ni uzee tu. Mimi pia nilisema hivyo, na Njeru akaniunga mkono.

Mambo hayakuanzia kwenye kusoma. Yalianzia kwenye miraa. Nina shamba nililoachiwa na baba yangu, miti mizee inayotoa vijiti vya kutafuna, vyekundu, laini, ambavyo wanunuzi huvipigania. Asubuhi wachumaji wakishaleta, vijiti hutandazwa juu ya majani ya mgomba, na mtu mmoja huvichambua. Vyekundu upande huu, vya kijani na vigumu upande ule. Kwetu mchambuzi alikuwa mimi. Hakuna aliyegusa kazi hiyo, kwa maana jina la shamba liko mikononi mwa mchambuzi. Kijana wangu wa kwanza, Mutwiri, alikaa nyuma yangu akifunga vibunda.

Kiangazi kimoja mnunuzi alirudi na mzigo wetu. "Mzee, hii uliyoniuzia ni miraa au ni kuni?" Nikacheka. Wiki iliyofuata akarudi tena, na safari hiyo hakutania.

Mimi niliona vijiti vyangu vyote ni vyekundu. Rangi ya kahawa iliyochujwa ilikuwa imefunika kila kitu, polepole sana, hata sikujua kuwa dunia imebadilika. Kwa hiyo nilitafuta mwizi, na mwizi wa karibu alikuwa yule aliyekaa nyuma yangu. Nikasema Mutwiri anabadilisha vijiti, anauza vizuri kwa siri na kunifungia vibaya.

"Baba," akaniambia mbele ya wachumaji, "ni wewe unayeweka miraa za kijani upande wa nyekundu. Nimekuwa nikizirudisha ukienda kunywa chai. Juzi nilikuwa na homa, sikuzirudisha. Ndiyo maana."

Angalia vizuri alichosema. Kijana alikuwa akinisitiri. Mimi nilisikia tusi tu. Nilikuwa nimeshamwonyesha sehemu yake ya shamba mbele ya wazee, akajenga, akapanda. Nikamwambia achukue mke wake aondoke. Akaenda Kinoru, kule mjini Meru, akapanga chumba, akapata kazi kwa mafundi wa kuchomelea vyuma karibu na uwanja wa mpira. Mama yake hakunisemesha hadi mvua za Machi zilipoanza.

Mvua zile nilianza kuona pete za rangi kuzunguka taa za pikipiki, kama upinde wa mvua mdogo. Nilimwaga chai kando ya kikombe, na mke wangu bila neno akaanza kukisogeza kikombe mpaka kwenye mkono wangu. Nilijigonga kwenye mlango, kila mara bega la kushoto. Watu walilalamika kanisani kwamba nimekuwa na kiburi, wananisalimu nami nawapita. Marehemu baba yangu alimaliza siku zake akiongozwa kwa fimbo, na tulipomzika hakuna aliyeuliza ni nini kilichomla macho. Tulisema alikuwa mzee. Kama ningekuwa na akili, hapo ndipo ningeogopa.

Badala yake nilienda sokoni kwa Njeru.

Njeru ni mtu wa Embu, wa makamo, mwenye ulimi laini. Meza yake ilikuwa na miwani ya kila namna, kioo kidogo, kipande cha gazeti cha kujaribia, na upande wa pili chupa za dawa ya macho. Aliniangaza kwa tochi ya simu.

"Muga, mzee wangu," akaniamkia kwa Kimeru. "Haya macho mekundu ni vumbi na uchovu. Soma hapa."

Nikavaa miwani, nikasoma. Nilifurahi kama mtoto. Lakini sikuwa mjinga kabisa. Nilimwuliza, "Na huku kushoto mbona ni kama kuna pazia? Si nimwone daktari?"

Akacheka. "Daktari atakwambia nini ambacho hujui? Atataka kukupasua tu. Umri ni umri. Tia dawa hii, itasafisha."

Dawa ile ilikuwa baridi na tamu machoni. Wekundu uliisha siku ile ile. Nilimwambia kila mtu kwamba yule Mwembu ni fundi. Nilinunua chupa nyingine, na nyingine, katika kibaridi cha Julai na kuendelea, mpaka mvua za Oktoba zikafika. Nilibadilisha miwani mara kadhaa, kila mara yenye nguvu zaidi, na hakuna aliyenieleza kwamba miwani isiyodumu ni dalili. Sitasema Njeru alinilazimisha. Alinipa jibu nililolitaka, nami nikalipenda kwa kuwa halikuwa na hospitali ndani yake.

Siku niliyojua ukweli ilikuwa mchana, jua kali. Nilikuwa nimeketi nje, mke wangu akaja kunipangusa masizi kwenye paji la uso. Kiganja chake kikafunika jicho la kulia.

"Mbona umeninyima mwanga?" nikamwuliza.

"Nimekunyima vipi?"

"Kumekuwa giza."

Aliondoa kiganja chake. Kisha akasema polepole, "Baba Mutwiri, nimekufunika jicho moja tu."

Akaketi chini pale pale kwenye vumbi, na nguo yake ya kanisani. Sijui jicho lile lilikuwa limekufa kwa muda gani. Lile la kulia lilikuwa likifanya kazi ya yote mawili na halikuniambia.

Mke wangu alimpigia Mutwiri simu bila kuniuliza. Tulishuka stendi ya Makutano, mjini Meru, nikawa ninatazama huku na huku katikati ya malori na kelele za makondakta, nikiogopa kwamba hatakuja. Alikuwa amesimama kando yangu muda wote, kushoto. Nilishtuka aliponishika mkono.

"Habari ya safari, Baba."

Nikamwambia nzuri.

Nitakueleza kuhusu benchi la kliniki ya macho, kwa sababu utakaa hapo na ni vizuri ujue. Utakaa sana. Watatia matone ya kupanua mboni, na baada ya hapo mwanga wa mlangoni utakuchoma kama pilipili. Watu wote hapo wanalia machozi bila msiba. Mimi nilikuwa nimekaa upande unaotazama jua. Mama mmoja nisiyemjua, mwenye kitambaa cha pamba jichoni, alivua leso yake ya mabegani akanifunika kichwa bila kuuliza, akaendelea na hadithi yake ya ng'ombe wake aliyepotea. Sijawahi kumwona tena. Kila ninapokumbuka siku ile namwombea huyo mama kabla ya kumlaani Njeru.

Kisha kuna mashine. Unaweka kidevu mahali pake, unafunikwa jicho moja, unatazama ndani ya kitu kama chungu cheupe. Ukiona kitaa kidogo popote, unabonyeza kibonyezo ulichopewa mkononi. Jicho la kulia nilibonyeza vizuri kiasi. Wakahamia la kushoto. Nikangoja. Nikangoja zaidi, nikidhani stima imepotea.

"Sista, mashine yenu imezima."

Muuguzi akaichungulia. "Haijazima, mzee. Taa zinawaka."

Daktari alikuwa msichana wa umri wa mjukuu wangu. Hakunizungusha. Alisema kushoto presha ya jicho ilikuwa imeua mshipa wa kuonea, na mshipa huo haurudi.

"Hata kwa kupasua?"

"Hata kwa kupasua, mzee. Ungekuja mapema, tungeulinda. Kilichopotea kisingerudi, lakini ungebaki pale ulipokuwa."

La kulia lilikuwa na presha pia, na juu yake mtoto wa jicho, ule ukungu wa rangi ya kahawa. Hilo lingeokolewa. Aliuliza ninatumia dawa gani. Nikatoa chupa mfukoni. Akaisoma, akauliza nimeitumia kwa muda gani, na nilipomwambia akaiweka mbali mezani, kama kitu kinachonuka. Akasema dawa ile huondoa wekundu, lakini mtu akiitumia muda mrefu bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho, na inaweza kuharakisha ule ukungu. "Kwenu kuna mtu aliyepofuka?" Nikamwambia baba. Akaandika, na sikupenda jinsi alivyoandika.

Hapo ndipo nilipompata mtu wa kumchukia. Kabla ya siku ile nilikuwa na huzuni tu, na huzuni haina pa kwenda.

Nilipasuliwa jicho la kulia wakati wa ukungu wa Juni. Nililala kwa Mutwiri Kinoru, chumba kimoja, mimi kitandani, yeye na mke wake sakafuni. Mkwe wangu alinawa mikono kwa sabuni kila mara kabla ya kunitia matone, akinihesabia pumzi ili nisipepese. Ni msichana niliyemfukuza. Alinishika kope kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayefungua jani la kabichi. Jumapili kulikuwa na mpira uwanjani, na watu waliposhangilia nilikuwa nikilia kimya chini ya pamba. Nilitamani anikaripie.

Pamba ilipotolewa, kitu cha kwanza nilichoona ni shati la Mutwiri. Lilikuwa la buluu. Nilikuwa nikidhani ni jeusi. Kitu cha pili ni mvi kwenye ndevu zake.

"Ulisema kweli," nikamwambia, "kuhusu zile za kijani."

"Najua, Baba."

"Basi rudi nyumbani."

"Nitakuja kusaidia kuvuna," akasema. Huja kila Jumamosi na kuondoka jioni. Nyumba aliyoijenga iko pale, mlango umefungwa. Njeru hakumfukuza mwanangu, hilo najua. Nilimfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini huwezi kwenda kukaa sokoni kujipiga vita wewe mwenyewe, watu watakucheka. Njeru alikuwa na meza.

Nilikwenda kwa chifu kumshtaki Njeru, akaniambia nilete ushahidi. Nikaenda kwa wazee, wakaniuliza kama aliniwekea dawa kwa nguvu. Basi nikachukua kigoda.

Silaha yangu ni kiganja. Mtu akisimama mbele ya meza ya Njeru, ninamwita. "Mama, kabla hujanunua. Funika jicho moja. Tazama ule mnara wa simu kule mlimani. Sasa funika la pili. Ni sawasawa?" Wengi huona sawasawa, nami nawaacha. Lakini wapo wanaosimama kimya kiganja kikiwa usoni, na mimi nakijua kimya hicho. Hao nawauliza wanaona pete kwenye taa? Wanajigonga upande mmoja? Kwao kuna aliyepofuka? Wana ugonjwa wa sukari? Akikubali hata moja, namwambia aende kwa daktari wa macho apimwe presha, asisubiri maumivu, kwa maana yangu haikuniuma hata siku moja. Aliyepita miaka arobaini na mzazi wake alipofuka, namwambia aende hata kama anaona sindano gizani. Na wapo wa kukimbia siku hiyo hiyo, wasingoje hata chai: anayeona vimulimuli kama radi na madoa meusi yanayomwagika ghafla, aliyeshukiwa na pazia upande mmoja, aliye na jicho jekundu linalouma mpaka kutapika.

Njeru alijaribu kunifukuza kwa mdomo. "Daktari wa kigoda amefika! Mzee, nenda kwa muuza nyanya, ukapime nyanya zake kama zinaona."

Soko likacheka. "Nyanya ya yule mama ikioza, anaitupa," nikamjibu. "Wewe unairudisha mezani na kuuza."

Baada ya muda chupa za dawa zilitoweka mezani. Ikabaki miwani ya kusomea tu. Ninakubali kwamba miwani ya kusomea si dhambi, hata mimi ninavaa ninapoandika haya. Ningeweza kuinuka pale na kwenda zangu. Sikuinuka. Nilitaka meza yenyewe iondoke. Nilikuwa nikiona wateja wakimpita, na moyo wangu ukishiba kuliko kwa chakula. Mke wangu alisema, "Sasa unafanana na mtu anayekunywa pombe." Sikumsikiliza.

Kisha ikaja siku ya manyunyu, soko limepoa. Nikasikia kreti ikiburutwa upande wangu wa kushoto. Niligeuza kichwa chote, na huyo hapo Njeru, amekaa karibu kama jirani.

"Mzee."

"Sema."

"Mtu akifunika la kulia, na ule mnara unakosa kipande huku chini. Na taa za pikipiki zina pete. Ni nini hiyo?"

Kwa miezi alikuwa akisikia maswali yangu. Bila shaka alikuwa akijipima nyuma ya meza, watu wakiwa hawatazami. Nitasema ukweli, kwa kuwa ninaandika ili kusaidia na uwongo hausaidii: nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka tumboni. Nilikuwa na jibu lake tayari, lile lile alilonipa mimi, na lingemtosha, maana alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu anayeomba kuambiwa si kitu. Nilijua macho hayo.

Nilikaa na jibu hilo mdomoni muda mrefu. Kisha nikasema, "Nenda hospitali kesho."

Unajua alifanya nini? Alicheka. "Ungependa hivyo! Nifunge meza nipande gari kwenda Meru, wewe ubaki hapa ukiwaambia watu nimetoroka."

"Njeru, nakuambia kweli."

"Umekuwa ukinitafutia njia ya kuondoka tangu ulipokuja na hicho kigoda."

Akarudisha kreti yake. Siku ya soko iliyofuata alikuwepo. Iliyofuata pia. Na hapo nikamwona akilaza kichwa nyuma, akitoa chupa mfukoni na kujitilia matone. Chupa ile ile. Dawa aliyoniuzia.

Hilo lilinichoma vibaya. Muda wote nilikuwa nikimchukia mwongo, na sasa nikaona kwamba aliiamini dawa yake. Alikuwa mpumbavu mwenye meza, kama mimi nilivyokuwa mpumbavu mwenye shamba. Nilihisi nimeibiwa mara ya pili. Na jambo la pili lilikuwa baya zaidi: mtu huyu alikuwa akipofuka, nami ndiye mtu pekee pale sokoni aliyejua, na nilikuwa nimempiga vita mpaka neno langu la kweli halina thamani kwake.

Nikaenda mbele ya meza yake, jambo ambalo sikuwa nimefanya tangu nilipokuwa mteja.

"Ufanyiwe nini ndipo uamini?"

Alifikiri. "Twende wote. Nikikuona umekaa kwenye benchi la hospitali, nitajua hauko hapa na watu wangu."

"Sawa."

"Na kigoda nacho kisibaki hapa."

"Kigoda nitampa mke wangu akikalie jikoni siku hiyo. Funga meza."

Kwa hiyo tulienda, maadui wawili, tukaketi kwenye lile benchi. Muuguzi alinikumbuka. "Mzee, leo umeleta ndugu yako?"

"Huyu ni adui yangu," nikasema.

Akacheka, akamtia Njeru matone. Njeru aliuliza kama yanauma. Nikamwambia yanauma sana, ijapokuwa hayaumi sana. Walipomwita kwenye mashine ya vitaa nilisimama mlangoni kusikiliza. Kila kibonyezo kilipolia nilihesabu kwa moyo, na kila kimya kilipokuwa kirefu nilisogea hatua moja ndani. Sikuelewa nilikuwa nikitaka nini.

Presha yake ilikuwa juu. Mshipa wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuliwa, wa kulia ulikuwa mzima. Daktari alimwambia aache ile dawa yake kabisa, akampa matone ya kutia maisha yake yote, na kumwambia amekuja kabla ya saa mbaya. Alitoka nje akipapasa ukuta, machozi yakimtiririka kwa mwanga, watu wakimpisha.

"Kwa nini umenileta?" akaniuliza. "Ungeniacha tu."

"Nilitaka uendelee kuona."

"Ili iwe nini?"

"Ili uwe ukinitazama. Kila siku ya soko, miaka mingi, ulione hili jicho vizuri."

Alisimama pale amekunja uso kwenye jua, hawezi kuteremka ngazi. Mutwiri alikuwa ametuambia atatungoja Makutano baada ya kazi. Nikampa Njeru kiwiko. Akakishika upande wa kushoto, tukashuka ngazi mbili, nikasimama. Nikamwambia ahamie kulia, ambako ninamwona.